Kozi ya Istilahi za Kompyuta Mtwara Mjini: Inamfaa Nani?

Kozi fupi ya istilahi za kompyuta inayotolewa jioni katika kituo kimoja cha mafunzo hapa Mtwara Mjini, upande wa Shangani, haimfundishi mtu kuchapa barua wala kutengeneza jedwali la hesabu, na yeyote atakayejiandikisha kwa matumaini hayo atatoka amenuna. Kinachofundishwa ni maneno: neno hili limetoka wapi, linataja kitu gani hasa, na mtu alitumieje mbele ya muuza duka, fundi au mtoa huduma ili aeleweke na asiuziwe asichokitaka. Niliihudhuria kwa gharama ya chama cha msingi cha ushirika ambacho nakitunzia hesabu, na kwa kuwa nina ya kukisifu kituo hicho na ya kukilaumu, jina lake naliacha. Kwa maoni yangu, sehemu moja ya kozi inazidi thamani ya ada yake ya shilingi 40,000, na sehemu nyingine ni hadithi tamu ambazo baadhi yake si za kweli.

Umuhimu wa kozi ya namna hii katika mkoa wetu hauhitaji maelezo marefu. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zetu zimekuwa zikinadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mkulima aliyezoea kuuliza bei kwa mdomo sasa anasikia habari za mfumo, seva na mtandao kutoka kwa karani ambaye pengine naye hayatofautishi. Shuleni walimu wamekabidhiwa vishikwambi. Kwenye steshenari vijana hujaza maombi ya mikopo na ya ajira kutwa nzima. Maneno ya kompyuta yametufikia yote kwa pamoja, wala hayakuja na mtu wa kuyafafanua.

Kipindi kilichoifanya ada ionekane imelipika ni kile cha kumbukumbu. Katika maduka ya simu ya jirani na Soko Kuu, neno memori hubebeshwa vitu viwili visivyofanana. Muuzaji akisema simu ina memori ya 128, anataja hifadhi, yaani mahali ambapo picha, programu na nyaraka hukaa hata simu ikizimwa. Ilhali mteja anayerudi siku chache baadaye akilalamika kwamba simu ina memori ndogo kwa sababu inaganda, mara nyingi tatizo lake liko kwenye RAM, ile nafasi ya kazi ambayo vilivyomo hufutika mara tu umeme unapokatika. Mwalimu alilieleza jambo hili kwa mfano wa ghala la chama: ghala linaweza kupokea magunia mengi upendavyo, lakini ikiwa meza ya kukagulia sampuli ni moja tena ndogo, foleni haitapungua kwa kujenga ghala la pili. Mafundi simu wawili waliokuwa nyuma yangu walikubali kwamba kila wiki huuza kadi za memori kwa watu wanaotaka simu iwe nyepesi, na kwamba hawajawahi kumwambia mtu yeyote kuwa kadi hiyo haitamsaidia. Darasa zima liliwageukia, wakacheka kwa aibu.

Kutoka hapo tulipelekwa kwenye biti na baiti, na hapa ndipo asili ya neno ilipofanya kazi badala ya kuwa pambo. Biti ilionekana katika maandishi ya kisayansi mwaka 1948, katika makala ya Claude Shannon kuhusu nadharia ya mawasiliano, naye alieleza wazi kwamba aliyelipendekeza neno hilo ni John Tukey, aliyelifupisha kutoka maneno mawili ya Kiingereza yanayotaja tarakimu ya mfumo wa namba mbili, yaani sifuri au moja. Baiti ilikuja mwaka 1956, Werner Buchholz wa kampuni ya IBM alipohitaji jina la kundi la biti zinazoshughulikiwa kwa pamoja. Aliibadilisha tahajia yake ya Kiingereza kwa makusudi, kusudi mwandishi akisahau herufi moja asije akaandika biti bila kujua. Wakati huo kundi hilo halikuwa na idadi moja ya kudumu, na biti nane zilitawala hasa baada ya IBM kutangaza mashine zake za System/360 mwaka 1964.

Sasa chukua habari hiyo uende nayo kwa mtoa huduma ya intaneti. Kasi ya mtandao hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, kwa herufi ndogo ya b, lakini bando na mafaili hupimwa kwa megabaiti, kwa herufi kubwa ya B. Anayelipia kasi ya megabiti 40 anapata, mambo yote yakienda sawa, megabaiti 5 tu kwa sekunde, na faili la megabaiti 700 litamchukua zaidi ya dakika mbili kulipakua. Hajaibiwa. Herufi ile ndogo ilikuwa kwenye tangazo tangu mwanzo, na Buchholz aliyejitahidi watu wasiyachanganye maneno hayo mawili hangefurahi kuona kwamba biashara nzima ya intaneti imejengwa juu ya mchanganyiko huohuo.

Ugomvi wa diski nao ulipata jibu lake. Mtu hununua diski ya gigabaiti 500, akaichomeka kwenye kompyuta yenye Windows, akasomewa 465, akarudi dukani na hasira. Mtengenezaji amehesabu kwa elfu, kama inavyohesabiwa kilo au kilomita, na kompyuta imehesabu kwa 1,024, kwa sababu ndiyo namba ya karibu na elfu inayopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kwa mara. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye kilobaiti hukua kadiri unavyopanda, kiasi kwamba diski ya gigabaiti 1,000 husomeka 931. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilitoa majina mapya ya hesabu ya 1,024, yaani kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, ili ubishi uishe. Majina hayo ni sahihi kabisa, na katika maduka yetu hakuna anayeyatumia. Mwalimu alitaka tuanze kuyatumia. Mimi naona inatosha mteja ajue sababu ya pengo hilo, kwa maana ukimwomba muuzaji wa hapa gibibaiti atadhani umemtajia dawa ya mikorosho.

Mazoea mengine ya mtaani yalirekebishwa haraka na vizuri. Sanduku lote la kompyuta ya mezani tunaliita CPU, ilhali CPU ni kichakataji kimoja kinachokaa ndani yake na kinachoweza kushikwa kwa vidole viwili. Kwenye mazungumzo kosa hilo halina madhara, lakini kwenye hati ya manunuzi lina madhara: anayeomba makadirio ya bei ya CPU anaweza kuletewa bei ya kichakataji au bei ya sanduku kamili, na zote mbili zitakuwa zimejibu alichokiandika. Kubuti nako kulielezwa kwa ufupi, kwamba kunatokana na usemi wa Kiingereza wa mtu kujiinua kwa kuvuta vikanda vya buti zake mwenyewe, kwa kuwa kompyuta inapowashwa huanza na programu ndogo sana inayoita kubwa kuliko yenyewe, mpaka mfumo mzima usimame.

Mwenye steshenari aliyekaa karibu nami alinufaika zaidi na kipindi cha vidakuzi. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ili ikutambue ukirudi; kilibuniwa na Lou Montulli mwaka 1994 alipokuwa katika kampuni ya vivinjari ya Netscape, na jina lake la Kiingereza, lenye maana ya biskuti, liliazimwa kutoka lugha ya waandishi wa programu waliomtangulia. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari ya kupitia tu. Kwa mtu ambaye kompyuta yake moja hutumiwa na waombaji wengi kwa siku, ni jibu la swali kwa nini mwombaji wa jioni hufungua tovuti na kukuta akaunti ya mwombaji wa asubuhi, na mama huyo aliondoka na agizo la wazi kwamba kila mteja atoke kwenye akaunti yake kabla ya kulipa.

Sifa zangu zinaanza kupungua tulipofika kwenye neno la Kiingereza la mdudu, linalotumika kwa kasoro ya programu. Tulisimuliwa kwamba neno hilo lilizaliwa siku nondo aliponaswa ndani ya kompyuta huko Marekani, na kwamba Grace Hopper ndiye aliyemtoa. Kisa cha nondo ni cha kweli. Tarehe 9 Septemba 1947 wahudumu wa mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo kwenye mojawapo ya swichi zake za sumaku, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba hicho ni kisa cha kwanza halisi cha mdudu kupatikana, na ukurasa huo umehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington. Lakini sentensi hiyo ni utani, na utani wake unaeleweka kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wahandisi walikuwa wameshazoea kuziita kasoro wadudu. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua yake ya mwaka 1878, miongo mingi kabla ya kompyuta. Hopper alikuwa mtaalamu mkubwa aliyependa kukisimulia kisa hicho, na usimulizi wake ndio uliokieneza. Si yeye aliyempata nondo.

Wapo watakaosema ni jambo dogo. Silioni dogo, kwa sababu kozi inayojitangaza kuwa inafundisha asili za maneno haina kitu kingine cha kuuza isipokuwa ukweli wa asili hizo. Jambo kama hilo lilijirudia kwenye Wi-Fi, ambayo tuliambiwa ni kifupisho cha maneno mawili ya Kiingereza. Wi-Fi haifupishi chochote. Ni jina la kibiashara lililobuniwa mwaka 1999 na kampuni ya ushauri ya Interbrand, iliyolipwa kutafuta jina rahisi kwa teknolojia iliyokuwa ikijulikana kwa namba ya kiwango chake. Ubaya ni kwamba dakika zilizotumika kukikariri kifupisho hicho cha kubuni zilitakiwa zitumike kwenye jambo ambalo watu wetu wanalihitaji zaidi, yaani tofauti ya Wi-Fi na intaneti. Husikika kila siku kwamba Wi-Fi imeisha, pale ambapo bando ndilo lililoisha na Wi-Fi ingali inawaka. Mwezi Mei mwaka 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, ofisi nyingi nchini zilikuwa na Wi-Fi nzima huku intaneti ikichechemea, na kuna watu walizima na kuwasha vifaa vyao kutwa nzima bila kuelewa kwamba tatizo liko chini ya bahari.

Kilichookoa sehemu hiyo ya kozi ni zoezi la kuandika taarifa ya hitilafu. Kila mwanafunzi alitakiwa kumwandikia fundi ujumbe usio na neno sistimu ndani yake. Ilitulazimu kueleza tulikuwa tunafanya nini, tulitarajia nini kitokee, kilitokea nini, na maandishi gani yalionekana kwenye skrini, na baada ya hapo kutaja kama tunadhani tatizo ni la kifaa, la programu, la mtandao au la mtumiaji. Msemo wa kwamba sistimu iko chini, ambao mwananchi huambiwa kwenye dirisha la ofisi yoyote, ulionekana kuwa hausemi lolote: anayeusema amejifunika, na anayeusikia hana la kuuliza tena. Zoezi hilo lingepewa vipindi viwili nami nisingelalamika.

Neno jingine lililotendewa haki ni hakingi. Katika miaka ya mwishoni mwa 1950 na ya 1960, miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, hususan wale wa klabu ya treni za mfano, neno hilo lilikuwa sifa ya mtu anayetatua jambo gumu kwa ubunifu. Maana ya uhalifu ilipata nguvu baadaye. Sisi tumelipokea likiwa na maana ya pili peke yake, na hata hiyo tunaipanua kupita kiasi. Mtu aliyepokea ujumbe wa kumwambia ile pesa itume kwenye namba hii, akaituma, hukimbilia kusema kwamba amehakiwa. Hakuna aliyeingia kwenye simu yake kwa ufundi wowote. Ametapeliwa, na namba ya tapeli inapaswa kuripotiwa kwenda 15040. Aliyeingiliwa akaunti yake bila ridhaa amedukuliwa, naye anatakiwa kubadilisha nywila na kutoa taarifa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Isitoshe, kuhakiwa kunakaribiana mno kwa sauti na kuhakikiwa, na darasani alikuwapo mwalimu wa sekondari aliyeripoti kwa mkuu wake kuwa majina ya wanafunzi yamehakiwa, na mkuu akashtuka bure. Kwa sababu hiyo naunga mkono msimamo wa mwalimu kwamba kudukua na kutapeli yatumike, na kuhaki kuachwe.

Kuhusu istilahi za Kiswahili kwa ujumla, hata hivyo, mwalimu alikuwa mkali kuliko lugha yenyewe. Alitaka tuseme tarakilishi, neno ambalo Kenya linatumika shuleni, ilhali hapa kwetu kompyuta limeshakaa hata kwenye vitabu vya serikali, na ngamizi, lililowahi kupendekezwa, limebaki kwenye kurasa za wataalamu. Alitaka puku badala ya mausi, akatusimulia kwa haki kabisa kwamba kifaa hicho cha kwanza kilikuwa kibanzi cha mbao kilichotengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart pamoja na Bill English, na kwamba umma ulikiona mwaka 1968; darasa la watu wa Kusini, ambako panya wa shambani ni kitoweo kwa wengi, lilichagua kipanya bila kupiga kura. Nilitegemea atuambie kwa nini kishikwambi kimekubalika kwa kasi wakati maneno mengine yamekataliwa, naye hakusema. Jibu naliona wazi: mwaka 2022 makarani wa sensa waliingia kila kaya wakiwa na kifaa hicho mkononi na jina hilo mdomoni, kisha walimu wakakabidhiwa vifaa vyenyewe. Kitu na neno vilifika siku moja, kwa hiyo neno halikulazimika kulifukuza jingine lililotangulia.

Jioni niliyoifurahia kuliko zote haikuwamo kabisa katika ratiba. Mwalimu alipotaja kwamba neno algorithi, yaani mpangilio wa hatua za kutatua jambo, linatokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye jina lake lilisomwa Algoritmi na wafasiri wa Kilatini, mzee mmoja fundi saa kutoka Mikindani, aliyesoma madrasa utotoni, alimwomba ruhusa aseme neno. Mwalimu, ambaye huanza kila kipindi kwa kuwaamkia wakubwa wake, alimjibu, “Karibu sana, mzee wangu, utufundishe.” Mzee akaeleza kwamba al-jabr, neno lililozaa aljebra, kwa Kiarabu ni kuunga kilichovunjika, kwa namna ileile mganga anavyounga mfupa, na kwamba sifuri tunayoitamka kila siku ni ileile waliyoichukua Wazungu wakapata maneno yao ya sifuri na ya maandishi ya siri. Alichokisema ni sahihi, na kiliwafungua watu waliodhani kwamba lugha ya kompyuta yote ni ya ugenini. Laiti kituo kingempa nafasi mzee yule ya kuzungumza kipindi kizima, badala ya kile kilichotumika kusimulia jinsi Bluetooth ilivyopewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, habari ya kweli ambayo haimsaidii mtu kuunganisha hata spika moja.

Kwa upande wa mazingira, chumba ni safi, lakini projekta hutegemea umeme wa TANESCO peke yake, na umeme unapokatika kipindi huendelea kwa mdomo tu. Makabrasha yanayogawiwa yamechapwa kwa herufi ndogo mno, hayana faharasa, na yamechanganya istilahi za Kenya na za kwetu bila kuonyesha ipi ni ya wapi. Kituo kinapaswa kuyarekebisha kabla ya kundi lijalo, na kurasa mbili zinazohusu nondo na Wi-Fi ziandikwe upya kabisa.

Ninawashauri wanunuzi wa vyama vya ushirika, wenye steshenari, mafundi simu na walimu wenye vishikwambi wajiandikishe. Anayetaka kujifunza kutumia kompyuta kwa vitendo atafute kwingine. Ada hulipwa kwa awamu mbili, na kwa kuwa awamu ya pili hudaiwa kabla ya vipindi vya biti, baiti na kumbukumbu, asiwepo wa kuacha kozi katikati kwa kudhani kwamba ameshaona yote.